Una kisukari na unaenda kutolewa jiwe la figo? Soma hii kwanza

Mama yangu alitolewa jiwe la figo mwaka juzi, ana kisukari miaka mingi, opereshini yenyewe ilienda vizuri, jiwe likatoka, tukashukuru Mungu. Balaa lilikuja usiku wa pili. Alianza kutetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, meno yanagongana, tukamfunika blanketi mbili na kitenge juu, na ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha pili akatuambia msiwe na wasiwasi, hiyo ni dawa ya usingizi inamtoka. Nesi alivyokuja kupima sukari ikasoma 19 (mmol/L), juu sana. Bakteria walikuwa wameshaingia kwenye damu. Alipona, ila kuna vitu tungevijua mapema tusingefika huko, ndo maana naviandika.

Iko hivi, jiwe mara nyingi linafuga bakteria, wanakaa ndani yake au kwenye mkojo ulioziba nyuma yake. Daktari akiingia kwa njia ya mkojo au kwa kitundu mgongoni na kulivunja, maji yanasukumwa ndani ya figo na wale wadudu wanaweza kusukumwa mpaka kwenye damu. Sasa mwenye kisukari kinga yake inalegea sukari ikiwa juu, halafu wengine kibofu hakimalizi mkojo wote maana mishipa ya fahamu imeshaathirika, kwahiyo bakteria wanapata pa kuzaliana.

Cha kwanza kabisa ni kuotesha mkojo. Sio kile kipimo cha kijiti cha dakika mbili, namaanisha mkojo uoteshwe maabara, majibu yanachukua kama siku 2 au 3, na yanaonesha ni mdudu gani na dawa gani inamuua. Fanya wiki moja au mbili kabla ya tarehe. Na uchukue vizuri: jisafishe kwa maji, mkojo wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati, usiguse ndani ya kikopo, upeleke maabara hapohapo. Wa mama tulitoka nao nyumbani alfajiri ukakaa kwenye mkoba mpaka saa sita mchana, hapo bakteria wameshaongezeka na majibu hayaaminiki tena. Pia usimeze antibayotiki za dukani kabla ya kipimo, zinaficha mdudu. Ukikutwa naye, maliza dozi uliyopewa kabla ya opereshini, hata kama tarehe itasogea.

Sukari nayo isiwe ya kupima asubuhi ya opereshini tu. Omba HbA1c, ile inayoonesha wastani wa miezi 2 hadi 3. Madaktari wengi wanataka iwe chini ya asilimia 8 au 8.5, ikiwa juu sana na jiwe halijaziba, kusubiri ukae sawa ni bora kuliko kuharakisha. Lakini jiwe likiziba na una homa, hapo hakuna kusubiri hata kidogo, nenda hospitali usiku huohuo, na usishangae wakikuwekea kwanza mrija wa kutoa mkojo ulioziba na jiwe wakaliacha mpaka utulie, wako sahihi.

Dawa zako zote zitie kwenye mfuko mmoja umpelekee daktari wa usingizi, usimtajie kwa kichwa. Vidonge vya kisukari vya dapagliflozin na empagliflozin kwa kawaida zinasimamishwa siku 3 kabla, maana zinaweza kuleta asidi kwenye damu hata sukari ikisoma vizuri. Glibenclamide, kidonge kingine cha kushusha sukari, ukiimeza asubuhi na hujala, sukari itakushuka vibaya. Insulini ya muda mrefu usiiache kwa uamuzi wako, mara nyingi wanapunguza dozi tu. Metformin, nacho ni kidonge cha kisukari, uliza kama uendelee nacho au ukiache. Na omba uwe wa kwanza kwenye listi ya siku hiyo ili usikae na njaa mpaka jioni, hili watu wanaona aibu kuliomba lakini ni ombi la kawaida kwa mgonjwa wa kisukari.

Ukitoka theatre, ndugu anayekuuguza aulize sukari inapimwa kila baada ya saa ngapi. Wanaitaka kati ya 5.6 na 10 hivi. Siku mbili za mwanzo ndo za kukaa macho: homa ya 38 na kuendelea, kutetemeka, kupumua harakaharaka, mkojo kupungua, kuongea vitu visivyoeleweka. Wazee wenye kisukari wengine hawapati hata homa, unaona tu kachanganyikiwa na sukari inapanda bila sababu. Kama mmesharudi nyumbani usimpe panadol mkasubiri kukuche. Mkifika mapokezi semeni moja kwa moja, "ana kisukari, ametolewa jiwe la figo juzi, anatetemeka," msianze kuhadithia toka mwanzo.

Mwisho, ulizeni kama ameachiwa stenti ndani, ule mrija mwembamba kati ya figo na kibofu. Wengine wanaruhusiwa nao hawajui kama wanao. Ukisahaulika miezi unajengewa mawe juu yake na bakteria wanahamia humo. Sisi tarehe ya kuutoa tuliiandika kwa maka peni kwenye mlango wa friji, pale mama anapoweka insulini yake, anaiona kila siku asubuhi na jioni.