Urujuani wa Usambara: kuupanda, kuutunza na kuuzalisha kwa jani

Kabla hujanunua chungu wala kuchanganya udongo, nataka uwe na picha moja kichwani. Ni mwamba ndani ya msitu wa Amani, Usambara Mashariki, kando ya kijito. Umesimama wima kama ukuta, umeota kuvumwani, na miti mirefu imeuzibia jua. Kwenye ufa wake, penye udongo usiojaa hata kiganja, umejishika mmea mdogo wenye majani ya mviringo yaliyojaa malaika laini. Umelala juu ya jiwe, na katikati yake umechanua maua ya zambarau.

Huo ndio urujuani wa Usambara. Wauza maua wa mjini wanauita afrikan vayoleti. Mwaka 1892 ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu za mmea huu, na mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea wa Hannover, akaupa jina la kitaalamu, Saintpaulia ionantha. Leo umo madirishani kote Ulaya na Marekani. Huniuma kuona kwamba hapa Muheza, chini kabisa ya milima yake, nyumba nyingi hazina hata mche mmoja, na wenye nao huwafia ndani ya miezi mitatu. Wangu wa kwanza ulikufa vilevile. Niliuweka kwenye udongo mwekundu wa shambani uliochanganywa na samadi, nikaumwagilia kila jioni kama mchicha. Nilikuja kuelewa kosa langu siku niliposimama mbele ya ule mwamba.

Hatua ya 1: Pata mche, au jani moja tu

Usiung'oe msituni. Urujuani wa mwituni huota Tanzania na kusini mashariki mwa Kenya tu, na aina nyingine zimebaki sehemu ndogo sana; ule wa msitu wa Mbololo, milima ya Taita, ni mmojawapo. Ukibandua mmea mmoja mwambani umeondoa na mbegu zake zote. Nunua kwenye kitalu, au mwombe jirani jani. Jani linatosha kabisa, nitaeleza mbele.

Ukinunua, tazama katikati ya mmea. Majani machanga yawe wazi na ya kijani kibichi. Yakiwa yamejikunja, yamebanana na yana rangi ya kijivu, uache hata ukipewa bure, kwa sababu una utitiri na utaambukiza mingine yote.

Hatua ya 2: Mahali pa kuuweka

Unataka mwanga mwingi bila jua kali, kama pale chini ya miti. Saa sita mchana weka kiganja juu ya mahali unapopafikiria. Kivuli cha mkono kikiwa hafifu, chenye kingo zisizokatika vizuri, hapo panafaa. Kikiwa cheusi na kimekatika kama kwa mkasi, jua ni kali mno. Kivuli kisipoonekana kabisa, pana giza. Baraza inayotazama mashariki hunifaa kuliko zote, maana jua la saa moja hadi saa tatu asubuhi haliunguzi.

Mmea wenyewe utakwambia. Vikonyo vikirefuka na majani kuinuka juu kama mikono ya mtu anayeomba, unatafuta mwanga. Majani yakijibana chini na kuwa manjano, punguza mwanga.

Joto linaloufaa ni kati ya nyuzi 18 na 25. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, joto likipita 30, utaacha kuchanua. Uweke chini sakafuni penye ubaridi, karibu na mtungi wa maji, wala usiuongezee mbolea ukidhani una njaa. Lushoto ni kinyume. Usiku wa Juni na Julai uingize ndani, kwani chini ya nyuzi 15 unadumaa.

Hatua ya 3: Udongo

Mizizi yake ni myembamba kama uzi na inataka hewa. Udongo wa mfinyanzi huikaba. Mchanganyiko ninaoutumia ni huu, kwa vipimo vya kopo lilelile:

Vumbi la makumbi ya nazi, makopo mawili. Pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi bila kugeuka jivu, kopo moja. Mboji ya majani iliyooza vizuri na kuchekechwa, kopo moja. Mkaa uliopondwa ukafikia ukubwa wa punje za mahindi, nusu kopo. Wa Kenya mnaopata changarawe nyepesi za volkano, tumieni hizo badala ya pumba, ni nzuri zaidi.

Makumbi ya pwani mara nyingi yamelowekwa baharini na wasuka kamba, kwa hiyo yana chumvi. Yaloweke maji baridi usiku kucha, yakamue, urudie mara tatu. Nimeona miche mizima ikiungua kingo za majani kwa chumvi hiyo, na mwenyewe akilaumu jua.

Ongeza kijiko kimoja cha chakula cha maganda ya mayai yaliyosagwa, maana makumbi na mboji vina uchachu kidogo. Kisha jaribu: lowesha mchanganyiko, ukamate mkononi, ufungue kiganja. Unatakiwa usambaratike wenyewe. Ukibaki donge, ongeza pumba.

Hatua ya 4: Chungu

Chungu kiwe kidogo kuliko unavyodhani. Pima upana wa mmea kutoka ncha ya jani hadi ncha ya jani la upande wa pili. Mdomo wa chungu uwe theluthi moja ya hapo. Mmea wa sentimita 24 unataka chungu cha sentimita 8. Kwenye chungu kikubwa udongo wa pembeni hubaki na maji yasiyonywewa, na kuoza kunaanzia hapo. Kifuu cha nazi kilichotobolewa matundu matatu chini kinafaa sana kwa miche michanga.

Hatua ya 5: Maji

Mimea mingi zaidi hufa kwa maji kuliko kwa ukame. Rudi kwenye ule mwamba: mvua ikinyesha maji yanapita, hayatuami. Hata majani yameinamia mbele, kwa hiyo kitovu cha mmea hakigeuki kikombe.

Gusa udongo wa juu kwa kidole. Ukiwa mkavu, weka chungu ndani ya beseni lenye maji ya kina cha sentimita 2 kwa dakika 20 hadi 30, mpaka uso wa udongo ulowe. Kitoe, kiache kichuruzike. Kwangu hiyo ni mara moja kila siku nne au tano wakati wa kiangazi, na kila wiki wakati wa masika. Ila usiige siku zangu, amini kidole chako.

Maji yawe yamelala ndani usiku mzima ili yalingane na joto la chumba. Maji baridi ya bomba au ya kisima yakidondokea jani lenye joto huacha madoa ya manjano yasiyofutika. Jani likipata vumbi, lifute kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu.

Mara moja kwa mwezi mwagilia kutoka juu, kwa taratibu, pembeni ya majani, mpaka maji mengi yatoke chini. Yanatoa chumvi ya mbolea iliyojikusanya.

Hatua ya 6: Mbolea

Ya kuyeyuka majini, NPK 20-20-20, robo ya kijiko cha chai kwa lita 4 za maji, mara moja kila wiki mbili. Yurea usitie kabisa. Mche uliobadilishiwa udongo usipewe chochote mwezi wa kwanza.

Hatua ya 7: Kuzalisha kwa jani

Hapa ndipo ninapoupenda mmea huu kuliko yote ninayolima. Jani moja linakupa miche mitatu, minne, wakati mwingine zaidi.

Chagua jani la mzunguko wa kati. La nje kabisa limezeeka, la ndani halijakomaa. Likate na kikonyo chake, kisha kwa wembe safi ukifupishe kibaki sentimita 3, ukikate mshazari ili uso wa jeraha uwe mkubwa. Liache dakika 15 jeraha likauke. Chomeka kikonyo sentimita moja na nusu kwenye vumbi la makumbi lililochanganywa nusu kwa nusu na pumba zilizochomwa, lenye unyevu tu, lisilotona maji likikamuliwa.

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, uikate katikati, ulifunike jani kwa ile nusu ya juu. Kizibo ndicho dirisha lako: kuta zikijaa matone, kifungue kutwa nzima. Weka kwenye mwanga hafifu.

Wiki ya tatu au ya nne livute jani kidogo sana. Likikataa kuja, mizizi imeshika. Vichipukizi hutokeza kwenye udongo kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili. Watu wengi hutupa jani wiki ya saba wakidhani limeshindwa. Maadamu ni la kijani na halijalegea, liache.

Miche ikifikia theluthi ya ukubwa wa jani mama, itenganishe kwa kijiti, kila mmoja na chungu chake. Hesabu miezi 8 hadi 12 tangu kuchomeka jani hadi ua la kwanza. Tahadhari moja: aina zenye mistari kama gurudumu kwenye petali hazirithishi mistari hiyo kwa jani.

Hatua ya 8: Kuusafisha na kuubadilishia udongo

Ng'oa maua yaliyonyauka pamoja na vikonyo vyake, na majani ya chini yaliyochoka. Machipukizi yanayojitokeza kwapani mwa majani yang'olewe kwa ncha ya penseli, la sivyo mmea unajigawa na hauchanui vizuri.

Baada ya miezi kadhaa shina huwa wazi chini ya majani kama shingo. Toa mmea, kwangua shingo kidogo kwa kisu butu, kata sehemu ya chini ya mizizi yenye urefu sawa na ile shingo, uurudishe kwenye chungu kilekile majani ya chini yakigusa ukingo. Shingo iliyofukiwa itaota mizizi mipya. Fanya hivi angalau mara moja kwa mwaka.

Ukiona dalili hizi

Majani yamelegea na udongo umelowa: mizizi imeoza. Usiongeze maji. Okoa jani zuri, uanze upya hatua ya 7. Unga mweupe juu ya majani na maua ni ubwiri; nafasisha vyungu hewa ipite. Vipande kama pamba kwapani mwa majani ni vidung'ata. Vigusie spiriti kimoja kimoja kwa kijiti cha pamba, urudie baada ya wiki moja.

Kuupanda nje, ukutani

Kule milimani na hata hapa Muheza penye kivuli kizito, unaweza kukaa nje mwaka mzima. Jenga ukuta mdogo wa mawe makavu bila saruji, upande wa kusini au mashariki wa nyumba, chini ya mwembe. Kila uwazi kati ya mawe ujaze udongo wa hatua ya 3, na mche uuchomeke kwa ubavu, kitovu kikitazama mbele wala si juu, ili mvua ya masika iteremke juu ya majani na kupita. Wiki mbili za mwanzo nyunyizia mawe yenyewe kila asubuhi. Mizizi ikishashika jiwe, majani yatageuka polepole na kulala juu yake.