Ranfañote: mkate wa juzi ndani ya shira, kwenye jiko la mkaa

Ranfañote (tamka ranfanyote) ni utamu wa zamani wa Lima, Peru, tangu enzi za ukoloni wa Wahispania: mabaki ya mkate hukaangwa, hutiwa kwenye shira, kisha huchanganywa na nazi, njugu na jibini. Hauhitaji oveni. Ukiacha jibini, vyote vinapatikana sokoni Tabora, maana chancaca ya kule ni sukari guru hii hii.

Kwa watu sita: mkate gramu 250 (slesi nane hivi), siagi vijiko vikubwa 3, sukari guru gramu 300, maji nusu lita, kijiti cha mdalasini, karafuu 4, ganda la chungwa moja, nusu nazi iliyokatwa vipande vyembamba, kiganja cha zabibu kavu, nusu kikombe cha karanga zilizokaangwa.

Jibini tengeneza mwenyewe. Chemsha lita 1 ya maziwa ya ng'ombe; yakiumuka epua, tia vijiko vikubwa 3 vya maji ya ndimu, koroga kidogo uache. Maji yakibaki meupe, ndimu haijatosha, ongeza kijiko. Chuja kwa kitambaa, tia chumvi kidogo, funga, kandamiza kwa jiwe safi muda wa saa mbili. Chumvi usiiruke, ndiyo inayokata utamu.

Wengi huharibikiwa kwenye mkate. Boflo letu ni laini. Ukilitia hivyo hivyo kwenye shira linageuka uji. Kata vipande vya upana wa vidole viwili, anika kwenye ungo juani hadi kipande kikigongwa kwenye sahani kilie. Masika, uweke karibu na jiko. Ukiona doa la ukungu tupa mkate wote, usikwangue. Nyuzi zake zimeshapenya ndani. Vikishakauka, kaanga kwa siagi, moto wa wastani, hadi viwe rangi ya kahawia pande zote.

Shira: vunja sukari guru, chemsha na maji, mdalasini, karafuu na ganda la chungwa. Menya ganda la juu tu. Ule weupe wa ndani ni mchungu. Sukari ikiyeyuka chuja, kwani haikosi makapi ya miwa, kisha rudisha kwenye moto mdogo dakika 10 hadi 15. Bana tone kati ya kidole gumba na cha shahada: likivuta uzi mfupi kama shira ya kaimati, limefika. Likipita hapo unapika kashata, na mkate utakuwa mgumu ukipoa.

Asali ya Tabora inaruhusiwa, ingawa si ya Kiperu: punguza sukari guru hadi gramu 220, tia vijiko vikubwa 3 vya asali baada ya kuepua. Ikichemka inafura povu na kupoteza harufu.

Chota vijiko vitatu vya shira uweke kando. Kwenye iliyobaki tia nazi na zabibu dakika mbili, kisha mkate na karanga, ukigeuza kutoka chini kwa mwiko. Shira ikishanywewa, epua. Subiri dakika 10 ndipo uchanganye vipande vya jibini. Ukivitia motoni vinavunjika chengachenga.

Hulika vuguvugu au baridi. Kikilala, mkate hufyonza shira yote na kukauka juu. Ile uliyoweka kando ipashe moto na umwagie asubuhi.