Jinsi ya kuigiza komedi inayochekesha na kuliza: tujifunze kwa Waingereza wa zamani

Vikundi vya vichekesho hapa Arusha na Moshi vimekuwa vingi na vipaji vipo kiukweli, ila shida ninayoiona ni kwamba watu wanaigiza ili wachekeshe. Mtu anabinua mdomo, anapandisha suruali hadi kifuani, anapiga kelele, tunacheka kidogo tunapita klipu nyingine. Kwenye komedi za zamani za Uingereza mhusika hajui kama anachekesha, yeye yupo siriasi na shida zake, sisi ndo tunacheka, halafu ghafla unasikia koo limekukaba.

Anza na Mr. Bean maana huyo kila mtu anamjua. Tafuta ile ya 1990 anaenda mgahawani peke yake siku ya bethdei yake. Anakaa, anatoa kadi, anaiandika mwenyewe, anaitia kwenye bahasha, anaiweka mezani, halafu anajifanya ndo kwanza ameiona na anafurahi kweli. Angalia uso wa Rowan Atkinson pale anapoifungua, rudia hata mara mbili, hajionei huruma hata kidogo. Angeweka uso wa huzuni sini ingekufa palepale. Tunacheka, na huku tunajua huyu mtu hana wa kumpa kadi.

Kwa hiyo kabla hujaandika utani wowote jiulize huyu mtu anataka nini na kwa nini hakipati. Mfano mnatengeneza klipu ya kaka anayeuza mitumba Memorial pale Moshi, kila siku anawatambia wateja kwamba mwezi ujao anahamia Dar kufungua duka Kariakoo, na mwaka jana alisema hivyohivyo. Msimfanye mjinga jamani. Anataka kutoka kwa baba yake na hawezi, mzee naye anaogopa kubaki peke yake ila hawezi kusema, basi kila siku anaumwa mguu. Hapo vichekesho vitakuja vyenyewe.

Steptoe and Son ilijengwa hivyohivyo. BBC walianza kuionyesha 1962, baba na mtoto wanakusanya vitu chakavu London kwa mkokoteni wa farasi. Kwenye ile ya kwanza kabisa Harold, yaani yule mtoto, anapakia vitu vyake ahame, mzee anamnyima farasi, basi anajaribu kuusogeza mkokoteni kwa nguvu zake mwenyewe, hausogei, anajaribu tena, hausogei, mpaka analia. Waandishi wake, Galton na Simpson, walitaka waigizaji hasa na si wachekeshaji, ndo maana Harry H. Corbett, anayemwigiza Harold na aliyetoka kwenye tamthilia za jukwaani, anakuumiza vile. Na nyie mkitafuta mtu msikimbilie mwenye sura ya kuchekesha. Yule dada anayeigiza igizo la Pasaka kanisani mpaka watu wananyamaza, mfuateni huyo.

Halafu machozi yazuieni. Mwigizaji akijizuia, mtazamaji ndo analia kwa niaba yake (Harold alilia kwa sababu alikuwa ameshazuia mpaka mwisho). Kwenye Only Fools and Horses, ile ya 1989 ya harusi ya Rodney, Del Boy, kaka yake Rodney, pesa ya kuwalipa wahuni wanaomdai anampa huyo mdogo wake kwa ajili ya nyumba, yeye anakubali kipigo. Harusi ikiisha anabaki ukumbini peke yake na David Jason, anayemwigiza Del, hasemi kitu, anasimama tu. Mngekuwa nyie mngemwandikia maneno pale, na mngeweka kinanda cha huzuni tangu mwanzo wa sini, naomba msifanye hivyo. Mtu anayeongea sana kama Del akinyamaza, ule ukimya tayari ni maneno.

Utani nao usiuondoe sini ikianza kuwa nzito. Kwenye komedi ya Blackadder, ile ya mwisho ya 1989, wanajeshi wapo kwenye handaki Vita ya Kwanza ya Dunia, mmoja wao Baldrick bado ana mpango wake wa kijanja wa kuwaokoa, na utani unaendelea mpaka karibu kabisa na filimbi ya kutoka kwenda kufa. Wangeanza kuhuzunika mapema tungekuwa tumeshajiandaa.

Mazoezini igizeni sini nzima kwanza bila utani wowote, kama jambo la kweli lililotokea mtaani kwenu Ngarenaro au Pasua. Ikiwashika, rudisheni utani bila kubadilisha sauti wala uso. Mkirekodi msikate haraka, acheni kamera ibaki usoni baada ya neno la mwisho, wengi wanakata hapo na hapo ndo palikuwa na kitu.

Kabla ya kuposti waonyesheni watu wa kijiweni wasiowajua. Msiwaulize kama wameipenda maana watawaambia ndiyo, angalieni tu ni sehemu gani wameacha kuchezea simu zao, na kama hakuna, rudini kwenye lile swali la anataka nini.