Somo: Wapi pa kushika kanuni na wapi pa kubuni unapoendesha mchezo wa mezani

Wadau, swali linajirudia: mwendesha mchezo, yaani anayesimulia ulimwengu na kuwaigiza maadui huku wengine wakiigiza kila mmoja mhusika wake, ashike kitabu cha kanuni au afuate kichwa chake? Ugomvi huu ni mkongwe kuliko mchezo wetu, Dungeons & Dragons. Mwaka 1824 Reisswitz, afisa wa Prussia, alitoa mchezo wa vita wa kufunzia maofisa, wenye dadu na majedwali ya kukokotoa hasara. Hesabu ziliwachosha watu, na mwaka 1876 Verdy du Vernois akapendekeza mwamuzi aweke majedwali kando na kuamua kwa uzoefu wake. Mchezo wetu ulipotoka mwaka 1974 ulizirithi kambi zote mbili.

Msimamo wangu: buni ulimwengu, usibuni bahati.

Hatua ya 1. Kubalianeni mapema yasiyoguswa. Kwangu ni uhai wa wahusika na chochote mchezaji alichokwisha kukitumia, iwe mshale au uchawi.

Hatua ya 2. Mchezaji akileta jambo lisilo kitabuni, usikimbilie kurasa. Tuseme anataka kubembea kwa taa ya dari ampige teke jambazi aliye ngazini. Je, inawezekana? Akikosa, kuna kitakachobadilika? Jibu likiwa hapana kwa lolote kati ya hayo, dadu ya nini? Kama ni ndiyo kwa yote, taja kwa sauti namba anayopaswa kuifikia kabla dadu ya pande ishirini haijarushwa. Katika toleo la 5 la mchezo wetu, 10 ni rahisi, 15 ni wastani, 20 ni ngumu. Sema: "Kumi na tano. Ukikosa, unaangukia katikati yao." Ana haki ya kughairi.

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Niliwahi kuificha namba. Mchezaji mmoja akapata 13, nikamhurumia, nikampitisha. Baadaye mwenzake akapata 13 hiyohiyo kwa jambo kama lile, nikamkatalia. Hakulalamika, ila tangu siku ile akawa anauliza kanuni ya kila kitu, hata ya kufungua mlango.

Wazo zuri nalo lisilipwe kwa ushindi wa bure. Mwache arushe dadu mbili achukue yenye namba kubwa zaidi. Mhusika ambaye ustadi wake unamwongezea 3 juu ya dadu, akitakiwa kufikia 15, anahitaji dadu ya 12 au zaidi, yaani nafasi ya asilimia 45. Kwa dadu mbili inapanda hadi karibu 70. Inatosha.

Hatua ya 3. Mkibishana juu ya kanuni, tafuteni kwa dakika moja tu. Isipopatikana, amua, andika ulivyoamua, mwendelee. Kitabu utakisoma baada ya kipindi, na kipindi kijacho uwaambie mtashika lipi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nina mchezaji aliyekariri kitabu chote. Ananisahihisha kila dakika.*

Mpe kazi. Yeye ndiye awe wa kuulizwa "kanuni inasemaje?", kisha wewe uamue. Akiwa sahihi, kubali mbele ya wote. Na mchunguze kidogo: anakusahihisha hata pale kanuni inapomuumiza yeye? Kama ndiyo, huyo ni hazina.

*Dadu ikitaka kumuua mhusika kwenye kipambano cha kipuuzi, nidanganye nyuma ya kizuizi kinachoficha dadu zangu?*

Mimi sidanganyi, ingawa najua wapo wazuri wanaofanya hivyo. Dadu ikishatua imetua. Lakini adui ni wako: kabla ya pigo la mwisho anaweza kudai wasalimu amri, au kunyakua mfuko akatimua mbio. Huko ndiko kubuni.

*Niliandaa kijiji kizima, wakakata kona kuelekea msituni. Nikihamishie huko?*

Kijiji ambacho hawajakisikia wala kukiona hakina mahali bado, kiweke utakapo. Ila kama wameingia msituni kwa sababu wanamkwepa mkuu wa kijiji hicho, usimtokeze nyuma ya mti. Walichagua wakijua, na njia waliyoichagua lazima iwe tofauti na ile waliyoiacha.