Kazi ikikuzidi ofisini, anza na daftari

Mdogo wangu, usiende kwa bosi kusema tu "nimechoka". Nenda na maandishi. Mimi ni mhasibu hapa Posta, katikati ya Dar es Salaam, na kila jioni naandika saa niliyoingia, saa niliyotoka, na nani kanipa kazi gani. Ijumaa najumlisha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 kwa wiki. Za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na kila saa hulipwa mara 1.5 ya malipo ya saa ya kawaida. (Mameneja wa juu hawamo.) Likizo ya mwaka ni siku 28. Ichukue, tafadhali, watu wanaiahirisha mpaka wanaugua.

Kwa bosi, weka orodha mezani, uliza: "Hizi mbili zote zinatakiwa Jumatano. Ipi ianze, ipi isubiri?" Achague yeye. Akijibu kwa mdomo, mwandikie baruapepe ya kuthibitisha siku hiyohiyo.

Kundi la WhatsApp la ofisi lizime mlio ukishapanda basi la mwendokasi. Kivukoni hadi Kimara ni muda wako.

Usingizi ukikukimbia wiki nzima na moyo unakwenda mbio, muone daktari. Hospitali ya Muhimbili wana idara ya afya ya akili.