Somo: Daraja la karatasi moja, shughuli ya vitendo ya kutatua tatizo kwa watoto wa msingi (hatua kwa hatua)

Walimu wenzangu habari za kazi. Kuna walioomba niipange vizuri ile shughuli ya daraja la karatasi, leo naiweka yote kuanzia maandalizi mpaka mwisho, maswali ulizeni hapo chini. Inafaa darasa la tatu kwenda juu, la pili nao wanaweza ila uwapunguzie kuandika.

Kabla ya hatua zenyewe kuna jambo moja naomba mlishike. Shughuli za vitendo nyingi zinafia njiani kwa sababu watoto wanajenga, wanashangilia, kengele inalia, wanaondoka. Hapo wamecheza, na kucheza ni kuzuri, ila tatizo hawajalitatua bado. Mwanahisabati George Pólya, mzaliwa wa Hungaria, mwaka 1945 alizipanga hatua nne za kutatua tatizo: lielewe, panga njia, ifuate hiyo njia, alafu rudi utazame ulichofanya. Tatu za mwanzo darasani tunazifanya, ya nne ndo tunaiacha kila siku wakati ndo yenye somo. Kwa hiyo mpangilio wote huu nimeuweka ili watoto wajenge mara mbili. Muda ukiwa mdogo punguza chochote kile, punguza maelezo, punguza kuandika, ila ujenzi wa mara ya pili usiuguse.

VIFAA
Kila kikundi cha watoto wanne kipate karatasi 3 za A4 za kawaida, vitabu vya kutosha kupanga nguzo mbili za kimo sawa, rula moja, na mzigo. Mzigo uwe wa vitu vinavyofanana, sarafu za aina moja au vifuniko vya chupa au kokoto ulizochagua mwenyewe zikalingana, maana ukichanganya kubwa na ndogo vikundi vitagombana na watakuwa na haki ya kugombana. Gundi hapana, selotepu hapana, mkasi hapana. Mtoto akipata selotepu atabandika karatasi kwenye vitabu na daraja litasimama kwa nguvu ya selotepu, umbo la karatasi hatalifikiria kabisa.

Hatua ya 1: Weka tatizo mbele ya macho yao
Panga nguzo mbili za vitabu, ziachane sm 20. Karatasi ya A4 ina urefu wa sm 29.7 kwa hiyo inabaki karibu sm 5 kila upande ya kukalia vitabu. Ilaze bapa juu ya mwanya, weka sarafu moja katikati, watoto waone inavyobonyea na kuanguka. Usieleze kitu. Waambie tu: kwa karatasi moja kama hii jengeni daraja litakalobeba mzigo mwingi kuliko hapa, hakuna kuishika, hakuna kuibandika. Alafu muombe mtoto mmoja arudie maelezo kwa maneno yake, hapo utajua wameelewa au wameitikia tu.

Hatua ya 2: Watabiri
Kila kikundi kiandike namba, wanadhani daraja lao litabeba vingapi. Dakika mbili zinatosha. Mtoto aliyeandika 5 akaona 30 anauliza mwenyewe kwa nini, aliyekuwa hajatabiri anaona ni sawa tu.

Hatua ya 3: Wajenge, wewe nyamaza
Dakika kumi. Hapa ndo kazi ngumu ya mwalimu maana utaona kosa wazi na ulimi utawasha. Kwa kawaida utaona mambo matatu. Kuna watakaokunja karatasi mara mbili mara tatu iwe nene, hao wamefikiria unene. Kuna watakaoviringisha iwe bomba, bomba ni gumu kweli ila mzigo unateleza na kuanguka pembeni, wasumbuke nalo kidogo ni tatizo zuri. Na kuna watakaokunja mikunjo ya kwenda na kurudi kama bati la paa, na katika hao karibu kila darasa hutokosa kikundi kilichokunja mikunjo ikaenda sambamba na mwanya badala ya kuuvuka kutoka nguzo hii mpaka ile. Daraja lao litajikunjua mara moja. Usiligeuze! Nimeona mwalimu akilichukua mkononi kwa nia njema kabisa, akaligeuza, likasimama, watoto wakapiga makofi na ugunduzi wao ukawa umeishia hapo.

Ukipita kwenye vikundi uwe na maswali haya matatu tu: mmejaribu nini mpaka sasa? limeshindwa kuanzia sehemu gani? mtabadilisha kitu gani kimoja? Wakikuuliza "mwalimu hivi ni sahihi?" wajibu wekeni mzigo muone. Daraja lenyewe ndo litawapa jibu, na hiyo ndo faida ya shughuli ya vitendo kuliko zoezi la ubaoni, mtoto hasubiri tiki ya mwalimu ajue kama amepata.

Hatua ya 4: Pimeni wote kwa utaratibu mmoja
Mzigo uwekwe katikati, kimoja kimoja, darasa lote lihesabu kwa sauti, mnaacha daraja likianguka au likigusa meza. Andika ubaoni utabiri na matokeo, vikae sambamba.

Hatua ya 5: Mazungumzo
Usianze na washindi. Anza na daraja lililoanguka mapema, liinue watoto walione, uliza limepinda wapi. Wakishaeleza vya kutosha chukua rula ya plastiki, ilaze bapa kwenye mwanya ubonyeze katikati kwa kidole, inapinda. Alafu isimamishe kwa ukingo wake ubonyeze tena, haipindi. Rula ni ile ile, plastiki haijaongezeka hata kidogo, kilichobadilika ni kimo chake kuelekea kule mzigo unakotoka. Waulize mikunjo ya karatasi inafanana na rula ipi. Ukipata mtoto akasema "kila mkunjo ni kama rula imesimama" somo limeingia, na asipotokea wa kusema hivyo usiwamalizie, waache waende nalo kwenye ujenzi wa pili.

Hatua ya 6: Wajenge tena
Karatasi mpya, sharti moja: wabadilishe kitu kimoja tu na waseme kabla ni kipi. Mikunjo midogo zaidi, au kuinua kingo mbili za pembeni zisimame kama kuta, au kuzuia mikunjo isitanuke. Kitu kimoja kwa sababu wakibadilisha vitatu daraja likapanda kutoka 12 hadi 40 hawatajua kipi kilisaidia.

Hatua ya 7: Sentensi mbili daftarini
"Tulibadilisha ... kwa sababu ..." na "Ikatokea ...". Basi, usiwaandikishe insha.

Sasa kwa wanaotaka ya hisabati tumia utaratibu huo huo na vijiti 24 vinavyolingana urefu. Tatizo: kwa vijiti vyote 24 zungusheni mstatili wenye eneo kubwa kuliko yote. Watoto wengi watakwambia vijiti ni vile vile basi eneo ni lile lile, na hilo wazo halitoki kwa kuambiwa. Waache wajenge na wahesabu miraba ndani: 1 kwa 11 inatoa 11, 2 kwa 10 ni 20, 3 kwa 9 ni 27, 4 kwa 8 ni 32, 5 kwa 7 ni 35, na 6 kwa 6 ni 36. Mzingo haukubadilika hata mara moja ila eneo limetoka 11 mpaka 36. Wadogo wape vijiti 12 watapata 5, 8 na 9. Na hapa ujenzi wa mara ya pili ni kuwapa idadi nyingine, mfano 20, watabiri kabla ya kugusa vijiti.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu asante kwa somo, mimi nina watoto 70 darasa moja, vikundi vya wanne si vitakuwa 18, nitawezaje kuzunguka kote?

Jibu: Huwezi kuzunguka kote na usijaribu mwalimu wangu. Gawa darasa mara mbili, nusu wanajenga na nusu ni wapimaji, kila kikundi cha wapimaji kinasimamia kikundi kimoja cha wajenzi, wanahesabu mzigo, wanaandika, wanaangalia hakuna anayeshika daraja. Kipindi kinachofuata wanabadilishana. Wapimaji wanajifunza sana kwa kutazama, wakija kujenga wao tayari wana mawazo, kwa hiyo siku hiyo badili kidogo tatizo, mfano mwanya uwe sm 22, wasije wakanakili tu walichoona.

Swali: Kelele je? Upande wa pili wa ukuta wa darasa langu kuna mwenzangu anafundisha.

Jibu: Kelele za kujenga sio tatizo, tatizo ni zile za kuhesabu na kushangilia. Mueleze mwenzako mapema, na hatua ya 4 wapeleke nje kama kuna pa kivuli na hakuna upepo, karatasi na upepo haviendani kabisa. Ndani ya darasa kubalianeni ishara moja ya mkono kwamba mikono juu na midomo kimya, mazoezi yake yafanyike kabla vifaa havijagawiwa, vikishagawiwa umechelewa.

Swali: Kwenye kila kikundi kuna mmoja anashika karatasi mwanzo mwisho wengine wanatazama. Nimechoka kusema "shirikianeni".

Jibu: Neno shirikianeni halimwambii mtoto afanye nini. Wape kazi: mmoja anakunja, mmoja anapima na rula, mmoja anaweka mzigo, mmoja anaandika na ndo atakayezungumza mbele. Ujenzi wa pili kazi zinahama, aliyekunja anaandika. Na zile karatasi tatu ziwe na kazi yake, ya kwanza igawanywe vipande vinne kila mtoto ajaribie mkunjo wake peke yake dakika mbili kabla ya kikundi kuanza, ndo zinabaki mbili za ujenzi. Mtoto mwoga akishakuwa na kipande chake mkononi anakuwa na kitu cha kuonyesha.

Swali: Nina mtoto asiyeona darasani, hii shughuli naona itamuacha.

Jibu: Haitamuacha hata kidogo, hii ni shughuli ya vidole. Mpe nguzo za vitabu azipapase na apime mwanya kwa mkono, mpe karatasi bapa na iliyokunjwa abonyeze zote mbili, tofauti ataihisi haraka pengine kuliko wanaotazama. Rula ya hatua ya 5 yeye ndo awe wa kwanza kuibonyeza na awaeleze wenzake anachohisi. Kuhesabu mzigo ni kwa sauti tayari. Ila matokeo ya ubaoni uyasome, usiseme "kama mnavyoona".

Swali: Samahani, alama natoa vipi? Daraja lililobeba vingi ndo lipate kubwa?

Jibu: Hapana hapana. Ukitoa alama kwa mzigo, ujenzi wa pili hakuna atakayethubutu kubadilisha kitu, watarudia kile kile salama. Mimi naangalia mambo mawili, sababu waliyotoa ya kubadilisha, na kama walichoandika ndo kilichotokea kweli. Kikundi kilichoshuka kutoka 20 hadi 15 kikaeleza vizuri kwa nini kimeshuka kwangu kinapata zote.

Swali: Wapo wanaomaliza kabla ya wenzao wanaanza vurugu, niwape nini?

Jibu: Kata duara tatu za boksi, kubwa, ya kati na ndogo, chora vituo vitatu kwenye karatasi. Duara zote zianze kituo cha kwanza kubwa chini ndogo juu, zihamie kituo cha tatu, unahamisha moja kwa wakati na kubwa haikai juu ya ndogo. Ni fumbo la Mfaransa Édouard Lucas la mwaka 1883. Kwa duara tatu inawezekana kwa hatua 7, ukiongeza ya nne ni 15, ya tano 31. Usiwaambie hizo namba, waambie watafute hatua chache kabisa na waandike, alafu wakishapata ya tatu na ya nne watabiri ya tano.

Swali: Mwalimu karatasi zetu ni za daftari, nyepesi sana, itafaa?

Jibu: Inafaa, sogeza nguzo zikaribiane mpaka karatasi bapa ishindwe kubeba mzigo mmoja ila iliyokunjwa ibebe, jaribu nyumbani kwanza upate huo umbali. Muhimu vikundi vyote wawe na karatasi ya aina moja na mwanya mmoja.