Kipupwe na sungura: majani ya karanga, uzazi na ngozi isiyotupwa

Ndugu wafugaji, salaam. Karanga zimeng'olewa, mpunga uko kwenye magunia, na usiku blanketi moja halitoshi tena. Kwa sisi wa Tabora, kuanzia katikati ya Mei hadi Julai mvua imekata na hewa ni kavu, lakini jua bado halijawa kali kama la Septemba. Majani yanakauka bila kuota ukungu, na ngozi inakauka bila kuoza. Masika usijaribu kabisa kazi ya ngozi. Itanuka kabla haijakauka.

Wengi wetu tunautumia msimu huu nusu nusu: tunachinja, tunakula, ngozi inaishia kwa mbwa. Somo la leo limeegemea kwenye ngozi, ila tupite bandani kwanza, maana mnyama aliyekonda hana ngozi ya maana.

HATUA YA 1: Weka akiba ya majani

Majani ya karanga ni chakula kizuri sana cha sungura, na wakati huu majirani wanayachoma moto. Waombe. Yatandaze kivulini, chini ya mwembe au kwenye kibanda chenye upepo, uyageuze asubuhi na jioni mpaka kikonyo kikivunjwa kikatike "kach". Ukiyaanika juani moja kwa moja, jani linapukutika na unabaki na vijiti, na protini nyingi iko kwenye jani. Kung'uta udongo wa mizizi kabla ya kuhifadhi.

Yahifadhi juu ya chanja, mbali na jiko. Huu pia ni msimu wa moto wa porini. Mpe sungura kidogo kidogo kwa wiki nzima ukichanganya na majani aliyozoea, kwa sababu tumbo lake halipendi mageuzi ya ghafla. Maji yasikatike. Jike anayenyonyesha anaweza kumaliza lita nzima kwa siku.

HATUA YA 2: Pandisha sasa, usingoje

Hesabu yake ni hii. Sungura hubeba mimba takribani siku 31. Ukipandisha katikati ya Juni, atazaa katikati ya Julai, na vitoto utaviachisha mwishoni mwa Agosti vikiwa na wiki sita. Vinakuwa vimeshajitegemea kabla ya joto la Septemba na Oktoba. Joto likizidi nyuzi 30, madume hupungukiwa nguvu ya mbegu kwa wiki kadhaa, ndiyo maana wengi wanalalamika Oktoba kwamba "jike hashiki" wakati shida iko kwa dume.

Mpeleke jike kwenye kizimba cha dume, siyo kinyume chake. Siku ya 28 weka sanduku la kuzalia, la urefu wa sentimita 40 hivi, lenye majani makavu laini. Manyoya atajinyonyoa mwenyewe. Vitoto huzaliwa uchi, na usiku wa Julai una baridi, kwa hiyo upande wa mashariki na kusini unakotoka upepo uzibe kwa viroba. Juu paache wazi kidogo. Banda lililozibwa lote hujaa harufu ya mkojo, na mafua huanzia hapo. Miguu ya banda isimame ndani ya makopo yenye oili chafu ili siafu wasipande.

HATUA YA 3: Chagua ngozi kabla ya kuchinja

Sungura wa miezi miwili ana nyama laini, lakini ngozi yake inachanika ukiigusa. Kwa ngozi chagua wa miezi mitano au sita kuendelea. Pitisha mkono mgongoni kuelekea kichwani: manyoya yakitoka kwa mafungu, anabadilisha manyoya, mwache kwanza. Kwa sungura wa rangi, ukishamchuna utaona upande wa ndani una madoa meusi kama bado manyoya mapya yanaota. Ngozi hiyo itapukutika baadaye. Itumie kujifunzia.

Mtundike kwa miguu ya nyuma. Kata kuzunguka vifundo, pasua ndani ya mapaja hadi kwenye mkia, halafu vuta ngozi kushuka chini kama anavyovuliwa mtoto sweta. Kisu hakihitajiki sana, vidole vinatosha. Kisha ipasue katikati ya tumbo ili ifunguke. Ioshe mara moja kwa maji baridi mpaka damu iishe. Maji ya moto yanagandisha damu kwenye manyoya.

HATUA YA 4: Maji ya chumvi na shabu

Kwa ngozi mbili za sungura wazima:
- maji lita 4
- chumvi ya mawe nusu kilo (ile ya Uvinza inafaa sana, na kwa sisi tulio kwenye reli haina shida kupatikana)
- shabu robo kilo, iliyotwangwa

Shabu ni ile ile nyeupe ya vinyozi, inauzwa sokoni kwenye maduka ya dawa za asili. Ichemshie maji kidogo iyeyuke, ndipo uchanganye na maji yaliyobaki na chumvi. Acha yapoe mpaka mkono usisikie joto. Tumia ndoo ya plastiki au chungu. Sufuria ya chuma au alumini italiwa na maji haya. Zamisha ngozi, weka jiwe juu, funika, weka kivulini. Koroga kwa mti asubuhi na jioni kwa siku mbili.

HATUA YA 5: Kukwangua utando

Siku ya tatu itoe, ikamue kwa kuiminya bila kuisokota. Upande wa nyama utaona utando mweupe unaong'aa, na chini yake ngozi yenyewe. Anzia upande wa mkia. Shika ukingo wa utando kwa kucha, ukishapata pa kushikia unabanduka kwa vipande vikubwa. Palipokataa tumia kijiko cha zamani au mgongo wa kisu. Kisu kikali hapana. Eneo la tumbo ni jembamba, usilazimishe.

Ukimaliza, ongeza shabu robo kilo nyingine kwenye yale yale maji, rudisha ngozi kwa siku saba, ukiendelea kukoroga. Kujua kama imeiva, kata kipande kidogo pembeni ya shingo, ambako ngozi ni nene, utazame ule mkato. Ukiwa mweupe mpaka katikati, imeiva. Ukiona mstari unaong'aa au wa rangi ya maji, irudishe siku mbili.

Maji hayo ukimaliza usiyamwage bustanini. Chumvi itaua mboga zako.

HATUA YA 6: Kulainisha, na hapa ndipo wengi wanapokwama

Wanafuata vipimo vyote sawasawa, kisha wanaitandika ngozi juu ya bati ikauke. Inakuwa ngumu, unaweza kuigonga kama mlango. Halafu wanalaumu shabu.

Dawa haifanyi ngozi kuwa laini. Ulaini unatoka mikononi. Osha ngozi mara moja tu kwa maji baridi na sabuni kidogo, haraka, uikamue. Chukua kiini cha yai kimoja, kichanganye na maji ya vuguvugu kidogo, pakaza upande wa ndani tu, uikunje ndani kwa ndani usiku mmoja. Asubuhi itundike kivulini penye upepo.

Kuanzia hapo usiende mbali. Kila baada ya muda ivute kidogo. Itafika saa ambapo ukiivuta, ule upande wa ndani unageuka kutoka rangi ya kijivu kuwa nyeupe pale pale chini ya vidole. Hiyo ndiyo saa yenyewe. Vuta pande zote, kisha isugue kwenye ukingo wa kigoda, upande wa ndani ukiwa chini, huku na huku. Acha inywe hewa kidogo, rudia. Kama umeitwa msibani ikakaukia, ilowanishe kwa kitambaa kibichi na uanze upya, haijaharibika. Mwisho pitisha msasa laini, na manyoya yachane kwa kitana.

HATUA YA 7: Kushona

Weka ngozi manyoya yakiwa chini, chora kwa kalamu, ukate kwa wembe huku umeiinua, ili wembe upite kwenye ngozi bila kugusa manyoya. Ukitumia mkasi utakata manyoya na mshono utaonekana kama umenyolewa. Unaposhona, manyoya yanayochungulia yasukume ndani kwa ncha ya sindano. Uzi upitishe kwenye nta kwanza. Mkoa wetu ni wa asali, nta haitusumbui.

Anza na pochi ndogo au bitana ya viatu vya mtoto mchanga. Foronya ya kiti inahitaji ngozi nne au zaidi za rangi zinazolingana, iache mpaka uwe na akiba.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Isevya: Shikamoo mwalimu. Sisi tunachinja kwa kisu shingoni. Ngozi haiharibiki?

Marahaba mama. Haiharibiki. Unapoteza upana wa vidole viwili tu shingoni, ambao hata hivyo ungekatwa wakati wa kunyoosha kingo. Angalia tu damu isitiririke kwenye manyoya ya kifua. Kichwa kielekee chini mara tu baada ya kuchinja.

Kijana wa Nzega: Naweza kutumia magome ya miti badala ya shabu? Babu alikuwa anafanya hivyo kwa ngozi za ng'ombe.

Unaweza. Magome ya jamii ya migunga yana tanini, na wenzetu wa Njombe wanapanda miwati kwa ajili hiyo. Ila magome yanachukua wiki nyingi na ngozi inatoka ya kahawia. Kwa mkanda au soli ni bora kuliko shabu, tena haiogopi maji. Kwa manyoya meupe ya sungura sikushauri. Na tafadhali usichune mti ukauzunguka wote. Miyombo yetu imekwisha umia vya kutosha kwa mizinga ya magome.

Dada wa Ipuli: Jike wangu amejinyonyoa manyoya siku ya 17 tangu nimpandishe. Anazaa mapema?

Hapana dada, hiyo ni mimba ya uongo. Huisha yenyewe karibu na siku hizo. Kuanzia sasa anashika vizuri, mpeleke tena kwa dume. Manyoya aliyojinyonyoa yakusanye kama ni safi, yatafaa kwenye sanduku la mwingine.

Baba wa Sikonge: Majani yangu ya karanga yalinyeshewa na mvua ya mwisho, yana unga wa kijivu. Nikiyaanika tena si yatafaa?

Hapana baba. Jua linakausha ukungu lakini sumu yake inabaki, na karanga ndiyo mmea unaojulikana kwa sumukuvu. Peleka kwenye shimo la mbolea. Usimpe hata mbuzi.

Mwanachama wa Ng'ambo: Pochi yangu ililoa mvua, sasa imekuwa ngumu. Nilikosea wapi?

Hukukosea. Shabu hutoka ngozi ikiloweshwa sana, ndiyo kasoro ya njia hii. Ilainishe upya ikiwa na unyevu kidogo, pakaza kiini cha yai tena. Vitu vya ngozi hii ni vya ndani, havifuliwi. Vumbi likizidi, vikung'ute na uvipige upepo.

Mama wa Kiloleni: Niuze shilingi ngapi?

Usipange bei kwa ngozi, maana ngozi ungeitupa. Panga kwa saa ulizokaa ukivuta na kushona. Na usifuge sungura kwa ajili ya ngozi. Nyama na mbolea ndiyo biashara, ngozi ni nyongeza ya jioni za kipupwe.

Mkulima wa Urambo: Nina bani la tumbaku, lile banda la kukaushia, liko wazi sasa. Naweza kukaushia majani na ngozi humo?

Majani hapana kabisa. Nikotini na masalia ya dawa yanabaki kwenye fito na sakafu, na sungura ni mdogo, haihitaji nyingi kumdhuru. Hata magunia yaliyobeba tumbaku usiyatumie kwa chakula chake. Ngozi haitadhurika, ila itabeba harufu ya tumbaku na mteja hatainunua. Tumia kivuli cha nje ya bani, upande wa kusini, na ukishamaliza zihifadhi ngozi kwenye mfuko wa kitambaa na majani makavu ya mwarobaini. Mfuko wa plastiki hapana, zitavunda.